Mugunga: mavuno ya kiangazi yalishe mtoto, mabua yawe mchezo wake

GOMA – Kila mwaka mwezi wa saba ukiingia, mambo mawili yanakutana Mugunga, kata ya magharibi mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya Sake. Watoto wanaingia vakansi, na mavuno ya msimu wa pili wa kilimo yanafika sokoni: maharagi, mahindi na mtama. Wazazi wengi wanaona vakansi kama mzigo, kwa sababu watoto wanashinda nyumbani na kuomba chakula kila saa. Lakini miezi hii miwili ni nafasi nzuri ya kupanga chakula cha mtoto mdogo na kumpa kazi ya mikono bila kutoa franka nyingi.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Kongo walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mugunga nayo ina mzigo wake. Tangu 1994 imepokea wakimbizi mara nyingi, na kambi zake za mwisho zilibaki tupu mwezi wa Februari 2025, baada ya vita kuingia Goma. Mabenki yalifunga milango na pesa ikawa ngumu. Nyumba ikikosa pesa, bugali inabaki kwenye sahani, lakini maharagi, samaki na matunda vinatoka. Mtoto anashiba, lakini hakui.

Sahani yenye rangi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe ziwa la mama peke yake hadi miezi sita. Kutoka hapo hadi atimize miaka miwili, anaendelea kunyonya, na kila siku apate angalau makundi matano kati ya manane: ziwa la mama, nafaka, mihogo na viazi, maharagi, soja na karanga, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine.

Mugunga makundi hayo yanapatikana, hata kwa kipimo kidogo. Barabara ya Sake inaleta maharagi na maziwa ya Masisi. Soko la Kituku, kando ya ziwa, linapokea mitumbwi yenye ndizi, mihogo na matunda. Ziwa Kivu lenyewe linatoa sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Sambaza wakavu wakisagwa, kijiko kimoja cha unga wao kwenye uji au kwenye sombe kinampa mtoto nguvu za kukua, na mafungu mawili matatu yanaweza kutosha siku nyingi.

Sombe ni chakula kizuri, lakini itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Lengalenga inaiva haraka na haitaki makala mengi. Mafuta kidogo ya mawese yanaongeza vitamini A, na nusu ya avoka iliyopondwa ni chakula tayari cha mtoto wa miezi saba.

Kwa uji wa masoso, familia inaweza kusaga unga wake yenyewe wakati huu bei iko chini: vipimo viwili vya mahindi, kimoja cha mtama na kimoja cha soja. Soja ichaguliwe, ioshwe, ianikwe kwenye jua la kiangazi, halafu ikaangwe kabla ya kusagwa. Unga uwekwe mahali pakavu, penye kifuniko. Mvua ya Septemba ikirudi pamoja na gharama za daftari na uniforme, mtoto atakuwa na akiba yake.

Bustani juu ya mawe ya volkano

Sehemu kubwa ya Mugunga imekaa juu ya mawe ya volkano, na jembe haliingii. Mawe hayo yanafaa kwa bustani ya gunia. Chukua gunia la unga lililokwisha, weka udongo uliochanganywa na mbolea ya maganda ya jikoni. Katikati panga mawe madogo kama nguzo kutoka chini hadi juu, ili maji yashuke mpaka chini. Toboa matundu pembeni, panda vitunguu na mboga humo, na lengalenga juu.

Hii ni kazi ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kusaidia: kuokota mawe, kutia mbegu, kumwagilia kwa kikopo maji yaliyoosha mboga, yasiyo na sabuni. Baada ya majuma matatu au manne, lengalenga inachumwa. Mtoto anayekataa mboga mara nyingi anakubali ile aliyoipanda mwenyewe.

Vichezeo vya mavuno

Kinachobaki kwenye mavuno kisitupwe chote. Maganda ya mahindi yakifungwa kwa kamba yanakuwa mtoto wa bandia. Majani makavu ya ndizi yakikazwa na kusokotwa yanakuwa mpira. Mabua ya mtama yanatengeneza chukudu ndogo, na vifuniko vya chupa vinakuwa magurudumu. Hakuna mtoto wa Goma asiyejua chukudu. Baba akikaa naye nusu saa jioni kuitengeneza, mtoto anajifunza kupima, kuhesabu na kungoja zamu yake.

Lakini kuna mipaka. Mtoto chini ya miaka mitatu asichezee punje za maharagi, vifuniko vya chupa wala karanga nzima, maana vinaweza kumziba koo. Karanga apewe zilizosagwa. Mikebe iliyokatwa na mifuko ya plastiki viwe mbali naye.

Mugunga ina hatari yake pia: mazuku. Ni gazi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema pasipo upepo. Mtu mzima anaweza kupita salama na mtoto mfupi akaanguka. Watoto wasitumwe kutafuta mabua, majani au udongo kwenye mashimo, na gunia la mboga liwekwe karibu na nyumba, mahali pa juu.

Dalili za kuangalia

Miguu ikivimba, nywele zikiwa nyepesi na nyekundu, mtoto akinuna na kukataa kula, hiyo inaweza kuwa bwaki. Usingoje, mpeleke kituo cha afya. Huko wanapima mkono kwa mkanda: kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kati ya 115 na 125 ni onyo.

Kunawa mikono kwa sabuni na kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kunalinda chakula hicho chote, kwani mtoto anayeharisha kila mara hafaidiki na anachokula. Na mavuno yakifika nyumbani, kabla ya kupima maharagi ya kuuza, baba na mama wapime kwanza yale ya mtoto.