Uteuzi na Matumizi ya Bunduki ya Kushindilia katika Uwindaji wa Kindi

Bunduki ya kushindilia ni ile inayopakiwa kupitia mdomo wa mtutu, baruti ikitangulia na risasi ikifuata, kisha vyote viwili vikasukumwa hadi chini kabisa kwa ufito uitwao mdeki. Msomaji wa Afrika Mashariki huifahamu silaha ya jamii hii kwa jina la gobore, ambalo kwa kawaida mtutu wake ni laini kwa ndani na hupakiwa vipande kadhaa vya chuma au risasi kwa mara moja. Bunduki inayojadiliwa hapa ilikulia katika misitu ya mashariki mwa Marekani, na mtutu wake umechongwa mifuo, yaani mifereji inayojizungusha kwa ndani kama uzi wa parafujo, ili gololi moja ya risasi itoke ikizunguka na kushika njia iliyonyooka. Inapotengenezwa kwa kipenyo kidogo, kazi yake kuu huwa ni kuwinda kindi, na udogo huo, ambao ndio sababu ya kuichagua, ndio pia unaomdai mtumiaji uangalifu kuliko bunduki nene.

Asili ya bunduki hiyo ni mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi waliohamia Pennsylvania, hasa eneo la Lancaster, ambao katika karne ya 18 waliichukua bunduki fupi na nene ya kuwindia waliyoizoea Ulaya, wakaurefusha mtutu wake ukapita mita 1 na kuupunguza kipenyo. Kulungu na dubu walipokuwa bado wengi, vipenyo vya inchi 0.45 na 0.50 vilikuwa vya kawaida. Wanyama wakubwa walipopungua katika maeneo yaliyolimwa, wateja wengi zaidi wa karne ya 19 waliagiza inchi 0.36 na hata 0.32. Uchumi ulichangia pia, kwa kuwa kilo 1 ya risasi hutoa gololi zipatazo 345 za bunduki ya inchi 0.32, ilhali madini yaleyale hayatoi hata gololi 90 za bunduki ya inchi 0.50, na baruti inayohitajika hupungua vilevile. Uenezi wa bunduki za nyumbani ulidhihirika mwezi Septemba 1862, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wakati Gavana David Tod wa Ohio alipoita watu wa kujitolea kuulinda mji wa Cincinnati. Zaidi ya wanaume 15,000 waliitikia, wengi wakiwa na silaha zao wenyewe, na historia ikawapa jina la Wawindaji wa Kindi.

Suala la kwanza katika uteuzi ni kipenyo. Kindi wa kijivu, anayewindwa zaidi katika misitu hiyo, ana uzito wa takribani gramu 400 hadi 600, na nyama yake huishia katika mchuzi mzito wa mboga na mahindi, kwa hiyo risasi inayoharibu mabega na mapaja huwa imemnyima mwindaji kile alichokifuata. Gololi ya inchi 0.32 ina uzito unaokaribia gramu 3 na hutosheka na baruti ya gramu 1 hadi 1.5, kiasi ambacho hakina teke la kuutisha mwili wala mlio mkubwa sana. Gololi ya inchi 0.36, yenye gramu 4 na ushei, hupeperushwa pia na upepo, lakini si kwa kiwango cha ile nyepesi, na mtutu wake ni rahisi kupanguswa. Kipenyo cha inchi 0.40 huchaguliwa na mtu anayetaka bunduki moja ya kindi na ya mashindano ya shabaha, ingawa kwa kindi peke yake nguvu yake ni ya ziada.

Mnunuzi hudanganyika kwa urahisi anapodhani kwamba kipenyo kidogo humaanisha bunduki nyepesi. Mitutu miwili yenye unene uleule wa nje na urefu uleule hutofautiana uzito kwa kadiri ya tundu lililotobolewa, hivyo ule wa tundu dogo hubaki na chuma kingi na kuwa mzito zaidi. Fundi mzuri hupunguza unene wa nje ili bunduki ibebeke msituni kutwa nzima. Mifuo nayo inapaswa kujizungusha taratibu, na mzunguko mmoja katika urefu wa inchi 48, yaani sentimita 122, ni wa kawaida kwa gololi, kwa sababu umbo la duara halihitaji kuzungushwa kwa kasi kama risasi ndefu.

Suala jingine ni njia ya kuwasha baruti. Katika bunduki ya gumegume, jiwe lililobanwa kwenye nyundo hukwaruza bamba la chuma, cheche zikaangukia baruti laini iliyo katika kisahani cha pembeni, na moto ukapita katika tundu dogo hadi ndani ya mtutu. Katika bunduki ya fataki, iliyotokana na uvumbuzi ambao Alexander Forsyth wa Uskoti aliupatia hataza mwaka 1807, nyundo hugonga kikofia chenye kemikali inayolipuka. Fataki huwaka haraka na hustahimili unyevu, kwa hiyo humfaa anayeanza. Gumegume huchelewa kidogo baada ya kifyatulio kuvutwa, na mpigaji asiyetulia hadi gololi itoke huiona ikienda pembeni.

Upakiaji huanza kwa kumimina baruti nyeusi, au mbadala wake uliotengenezwa mahususi, kutoka katika kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka katika pembe ya baruti, kwa kuwa kaa dogo lililosalia mtutuni laweza kuilipua pembe nzima. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haipaswi kutumiwa hata kidogo, maana mgandamizo wake huweza kuupasua mtutu. Gololi, ambayo ni ndogo kuliko tundu kwa sehemu ndogo ya milimita, hufunikwa kwa kiraka cha pamba chenye unene wa milimita 0.25 hadi 0.45, kilichopakwa shahamu au nta. Kiraka hicho hujaza nafasi iliyobaki, huzuia gesi isipenye, na huishika mifuo kwa niaba ya gololi. Mdeki huisukuma gololi hadi iikalie baruti bila pengo, kwa sababu pengo hilo huweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Ndiyo maana wapigaji makini hutia alama kwenye mdeki kuonyesha kina sahihi.

Kiraka kilichokwisha kufyatuliwa huanguka hatua chache mbele ya mpigaji, nacho ndicho shahidi wa kuaminika wa ubora wa upakiaji. Kikiokotwa kikiwa kizima, kimeingia weusi katikati mahali palipokaa gololi na kimebaki na alama za mifuo pembezoni, vipimo vimeafikiana. Kikiwa kimeungua na kutoboka, huenda kitambaa ni chembamba, mafuta hayatoshi au baruti imezidi. Na kikiwa kimekatwa kwa mistari iliyonyooka, basi kingo za mifuo au za mdomo wa mtutu bado ni kali na zinahitaji kulainishwa. Hapo mpigaji hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama unene wa kiraka ama kiasi cha baruti, hadi gololi 5 zitue ndani ya duara la sentimita 2.5 kwa umbali wa mita 23.

Katika hatua hii udogo wa kipenyo hudai malipo yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama masizi na chumvi baada ya kuungua, na utando unaoonekana mwembamba katika mtutu wa inchi 0.50 huwa kikwazo halisi katika ule wa inchi 0.32. Mdeki wake nao ni mwembamba kiasi cha kuvunjika ukisukumwa kwa nguvu, na ncha yake iliyochongoka huweza kuchoma mkono, hivyo hushikwa karibu na mdomo wa mtutu na kusukumwa kwa hatua fupi, huku mtutu ukipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya mpigo mmoja au michache. Chumvi hizo hufyonza maji kutoka hewani na kuleta kutu, kwa hiyo mtutu huoshwa kwa maji siku ileile, hukaushwa, na kupakwa mafuta.

Msituni, kichwa cha kindi kina upana wa sentimita 3 hadi 4 tu, na umbali wa busara hauzidi sana mita 30. Mwindaji huketi chini ya miti inayozaa, hasa mialoni na mihikori, asubuhi au alasiri, akiegemeza mtutu kwenye shina. Mchoraji wa ndege John James Audubon aliandika mwaka 1831 kwamba alimwona mwindaji mashuhuri Daniel Boone akilenga gome chini ya kindi badala ya kumlenga mnyama mwenyewe, akamuua kwa mshindo wa vipande vya gome, ingawa wanahistoria hutilia shaka kwamba wawili hao walikutana kweli. Mwindaji wa leo hulenga kichwa, tena pale tu ambapo shina au tawi nene liko nyuma yake, kwa kuwa gololi inayokosa na kupaa angani lazima ishuke mahali fulani. Bunduki ikikataa kuwaka, mtutu huendelea kuelekezwa mahali salama kwa muda usiopungua dakika 1, kwani moto huweza kuchelewa.

Kutokana na hayo, anayeanza hunufaika zaidi na inchi 0.36 yenye fataki, ambayo huvumilia upanguswaji usio kamili, ilhali inchi 0.32 humfaa aliyekwisha kuzoea kuvisoma viraka na kuusafisha mtutu bila kukumbushwa. Kwa wote wawili, msimu wa uwindaji, ambao kila jimbo la Marekani huupangia tarehe na kanuni zake, haufai kuwa wakati wa kutafuta vipimo vya baruti. Kazi hiyo hukamilishwa mapema, kwenye uwanja wa shabaha.