Hatua ya Kwanza ni Ipi? Kujiandaa kwa Mtihani wa Usimamizi wa Miradi Kutoka Kyela

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, kuanzia mdomo wa Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi hadi Matema, chini ya Safu ya Milima ya Livingstone, ni eneo lenye kazi za ujenzi na maendeleo za kila namna: barabara na madaraja, skimu za mpunga, maghala ya kakao, miradi ya maji, zahanati, na hata meli. Katika bandari ya Itungi, kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza ilijenga meli tatu za Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, yaani MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000 za mizigo, na MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyozinduliwa Januari 2021. Kazi za namna hiyo huongozwa na wahandisi, wahasibu, maofisa ugavi na maofisa maendeleo ya jamii ambao wengi wao wamesimamia watu, fedha na muda kwa miaka mingi bila kuwa na cheti chochote chenye jina la usimamizi wa miradi. Mtu wa aina hiyo anapoamua kutafuta cheti cha kimataifa, kinachomkwamisha mara nyingi si ugeni wa mambo yenyewe, kwa kuwa ameyaishi, bali ni namna mtihani unavyoyapanga: unataka kujua hatua ipi hutangulia na ipi hufuata, na kwa sababu gani.

Mradi, kwa maana inayotumika katika taaluma hii, ni kazi ya muda yenye mwanzo na mwisho, inayofanywa ili kuleta kitu au huduma ambayo haikuwapo. Kujenga MV Mbeya II ulikuwa mradi. Safari za meli hiyo kutoka Itungi kwenda bandari nyingine za ziwa ni uendeshaji, yaani kazi inayojirudia bila mwisho uliopangwa. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua ni uzoefu upi mtahiniwa anaruhusiwa kuutaja katika fomu ya maombi na upi hautahesabiwa.

Ziwa lenyewe lina mfano wa kale wa kazi ya mradi. Mwaka 1875 boti ya mvuke Ilala, iliyoundwa London na kiwanda cha Yarrow kwa ajili ya misheni ya Livingstonia, ililetwa vipande vipande hadi mdomo wa Zambezi, ikaunganishwa, ikapanda mto hadi chini ya maporomoko ya Shire, ikafunguliwa tena, na vipande vyake vikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi juu ya maporomoko. Huko iliunganishwa upya na, chini ya uongozi wa E. D. Young, ikaingia ziwani Oktoba mwaka huohuo. Kwa kuwa kila kipande kililazimika kubebwa na binadamu, wapagazi na njia yao walipaswa kufikiriwa tangu kwenye michoro kiwandani. Kikwazo cha mwisho wa safari kiliamua umbo la kazi mwanzoni. Fikra hiyo, ya kuanza na mwisho na kurudi nyuma hatua kwa hatua, ndiyo iliyokuja kupewa kanuni za hesabu nchini Marekani mwaka 1957 na 1958, na baadaye ikawa taaluma yenye chombo chake, Taasisi ya Usimamizi wa Miradi, PMI, iliyoanzishwa nchini humo mwaka 1969. Cheti cha PMI kijulikanacho kama PMP kilianza kutolewa mwaka 1984. Uingereza nayo ina mfumo wake, PRINCE2, uliotolewa mwaka 1996.

Nani anaruhusiwa kufanya mtihani

PMI humtaka mwombaji wa PMP mwenye shahada ya miaka minne awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, na mwenye elimu ya sekondari awe na miezi 60, pamoja na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, ambazo zinaweza kupatikana darasani au kwa njia ya intaneti. Miezi ya miradi miwili iliyofanyika wakati mmoja haijumlishwi mara mbili. Kwa kijana ambaye hajafikisha uzoefu huo kipo cheti cha CAPM, kinachohitaji elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo, na ambacho mtihani wake una maswali 150 kwa saa tatu; mwenye cheti hicho kilicho hai hatakiwi tena kuonyesha zile saa 35 anapoomba PMP.

Neno la kuangaliwa hapa ni kuongoza. Ofisa aliyehudhuria vikao vya mradi wa maji hajauongoza, lakini msimamizi wa eneo la ujenzi aliyepanga kazi za mafundi, akafuatilia vifaa na kutoa taarifa kwa mwenye mradi anaweza kuwa ameuongoza hata kama cheo chake hakina neno meneja. Baadhi ya maombi huchaguliwa kwa kukaguliwa, na mwombaji huombwa nakala za vyeti pamoja na uthibitisho wa watu waliomsimamia. Katika wilaya ambamo watumishi huhamishwa na wakandarasi huondoka kazi inapokwisha, ni busara kuwatafuta watu hao kabla fomu haijatumwa. Maombi yakikubaliwa, mtahiniwa hupewa mwaka mmoja, na ndani yake anaweza kufanya mtihani hadi mara tatu, akilipia kila mara.

Mtihani unauliza nini

Kwa mujibu wa muhtasari ulioanza kutumika Januari 2021, mtihani wa PMP ulikuwa na maswali 180 yaliyojibiwa kwa dakika 230, ukiwa na mapumziko mawili ya dakika kumi kumi. Kati ya maswali hayo, 175 yalitolewa alama na matano yalikuwa ya majaribio ambayo mtahiniwa hakuweza kuyatambua. Asilimia 42 ya mtihani ilihusu watu, 50 ilihusu michakato ya kazi, na 8 ilihusu mazingira ya taasisi. PMI hubadilisha mgawanyo huu kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtahiniwa anapaswa kupakua muhtasari rasmi utakaotumika siku ya mtihani wake na kuufanya dira ya kusoma. Kusoma vitabu vya zamani vinavyopitishwa mkono kwa mkono ni kosa la kawaida: toleo la sita la mwongozo wa PMI, la mwaka 2017, lilipanga taaluma katika michakato 49, ilhali toleo la saba la mwaka 2021 liliipanga upya kwa kanuni 12 na maeneo manane ya utendaji.

Maswali mengi hayaulizi maana ya istilahi. Hueleza hali na kutaka uamuzi. Mfano wa kubuni utasaidia. Ghala la kakao linajengwa katika kijiji karibu na Ipinda, na msingi umekwisha. Diwani anafika na kuomba choo cha wakulima kiongezwe. Meneja wa mradi afanye nini kwanza: akatae, kwa sababu choo hakimo katika mkataba, akubali, kwa sababu diwani ni mtu mzito, apeleke suala kwa mkurugenzi, au achunguze ombi hilo litaathiri vipi gharama, muda na ubora? Kwa mantiki ya PMI jibu ni la nne. Ombi linapimwa kwanza, ndipo linapelekwa katika utaratibu wa kudhibiti mabadiliko, yaani ngazi iliyokubaliwa mapema ya kupokea, kuidhinisha au kukataa jambo jipya. Kukataa papo hapo kunamdharau mdau, yaani mtu anayeguswa na mradi au mwenye uwezo wa kuuathiri. Kukubali papo hapo kunafungua mlango wa wigo kuvimba, hali ambayo kazi huongezwa kidogokidogo hadi bajeti iishe kabla ya paa.

Hapa ndipo uzoefu unapoweza kumponza mtahiniwa. Katika ofisi nyingi za umma ni adabu, na mara nyingine ni usalama, kulipeleka jambo gumu kwa mkubwa mara linapotokea. Mtihani humchukulia meneja kuwa mtu mwenye mamlaka ya kuchunguza na kuzungumza na wahusika kabla ya kupandisha jambo juu. Hauhukumu desturi ya ofisi yoyote. Una ulimwengu wake, na mtahiniwa anapaswa kujibu akiwa ndani ya ulimwengu huo. Kwa kuwa mtihani hautolewi kwa Kiswahili, na wengi katika eneo hili huufanya kwa Kiingereza, kuna mtego wa pili: maneno yenye maana ya kwanza, kinachofuata na bora zaidi ndiyo yanayobeba swali zima, na msomaji mwenye haraka huyaruka.

Hesabu chache zinazopaswa kueleweka

Hesabu si nyingi, ila zinahitaji kueleweka. Ya kwanza ni njia muhimu, yaani mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote huchelewa. Ikiwa msingi wa ghala huchukua wiki 3, kuta 5 na paa 3, mradi ni wa wiki 11. Mabati yakiagizwa siku ya kwanza na kufika baada ya wiki 6, yana wiki 2 za akiba, kwa kuwa paa haliwezi kuanza kabla ya wiki ya 8 kwisha; yakichelewa kwa wiki 3, mradi mzima husogea kwa wiki 1. Kyela, ambako mvua huanza karibu na Novemba na kuzidi Machi na Aprili, wiki hiyo moja inaweza kuwa tofauti kati ya simenti kavu na simenti iliyoganda.

Ya pili ni makadirio ya pointi tatu: siku chache zaidi, jumlisha siku zinazotarajiwa mara nne, jumlisha siku nyingi zaidi, kisha gawanya kwa 6. Shehena inayovuka ziwa kwa siku 4 mambo yakiwa mazuri, 6 kwa kawaida, na 14 upepo wa kusini ukichafua maji, hukadiriwa kwa siku 7. Ya tatu ni thamani iliyozalishwa, inayolinganisha kazi iliyofanyika na fedha iliyotumika. Mradi wa shilingi milioni 120 uliopaswa kufikia kazi ya milioni 60, ukafikia ya milioni 48, huku milioni 64 zimekwisha kulipwa, una kiwango cha gharama cha 0.75, yaani 48 kwa 64, na kiwango cha ratiba cha 0.8, yaani 48 kwa 60. Mwendo huo wa gharama ukiendelea, utamalizika kwa milioni 160. Taarifa inayosema tu kwamba zaidi kidogo ya nusu ya bajeti imetumika ingelificha tatizo hilo.

Sehemu kubwa ya mtihani huhusu mbinu nyumbufu na mseto, yaani ile inayochanganya mbinu hiyo na upangaji wa kazi yote mapema. Mbinu nyumbufu ni ile ya kutoa kazi kwa vipande vidogo, kuvionyesha kwa watumiaji na kurekebisha mpango kila mara, kama ilivyoelezwa katika tamko la watengeneza programu 17 waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001. Meli haiwezi kujengwa hivyo, kwa sababu umbo la chini lazima likokotolewe kabla ya bamba la kwanza kuunganishwa. Lakini programu ya simu ya kurekodi uzito wa kakao ya wakulima yaweza kuanza na chama kimoja cha ushirika na kuboreshwa kadiri makarani wanavyoitumia. Mtahiniwa hatakiwi kupenda mbinu moja, bali kutambua mazingira yanadai ipi.

Ratiba ya kusoma na siku ya mtihani

Kwa mfanyakazi, miezi mitatu ya saa mbili kila siku ni kipimo cha kufaa: mwezi wa kwanza wa kuelewa, wa pili wa maswali kwa mada, na wa tatu wa mitihani kamili ya majaribio kwa muda uleule wa mtihani wenyewe, kwa sababu uchovu nao ni sehemu ya mtihani. Faida kubwa hutoka katika maswali yaliyokosewa, mtahiniwa akiandika kwa kila moja kwa nini jibu lake lilionekana sahihi na ni neno gani hakuliona. Kwa wanaosimamia ujenzi, kiangazi hujaa kazi, hivyo miezi ya mvua huweza kuwa na nafasi zaidi ya kusoma.

Mtihani hufanyika kwa kompyuta, katika kituo kilichoidhinishwa cha Pearson VUE au mahali pa mtahiniwa mwenyewe chini ya msimamizi anayemwona kwa kamera. Njia ya pili humwepusha mkazi wa Kyela na safari na nauli, lakini hudai chumba kitupu, ukimya, intaneti isiyokatika na umeme wa uhakika, mambo ambayo msimu wa mvua kubwa hauyaahidi. Jina kwenye maombi lilingane na la kitambulisho. Mtanzania mwenye majina matatu anayetumia mawili kazini hupaswa kulirekebisha mapema. Matokeo hayatolewi kwa asilimia: PMI haitangazi alama ya kufaulu, bali huonyesha kwa kila eneo kama mtahiniwa yuko juu ya lengo, kwenye lengo, chini yake au anahitaji kuboresha. Anayefaulu hukihuisha cheti kila baada ya miaka mitatu kwa pointi 60 za kujiendeleza.

Cheti hicho hakichukui nafasi ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wala wa bodi za wahasibu au wataalamu wa ununuzi na ugavi, ambazo zina nguvu ya sheria nchini. Thamani yake iko katika zabuni na ajira zinazokitaja, hasa za mashirika ya kimataifa na kampuni zinazofanya kazi katika nchi zaidi ya moja. Kabla ya kulipa ada inayotozwa kwa dola, basi, mtahiniwa ana swali la kujiuliza linalofanana na yale atakayokutana nayo chumbani: hatua ya kwanza ni ipi? Si kununua kitabu wala kuchagua tarehe. Ni kukaa na daftari, kuorodhesha kila mradi aliouongoza, miezi yake, bajeti yake, kilichobadilika njiani na nani anaweza kuthibitisha. Orodha hiyo humwambia kama anastahili, hujaza fomu, humlinda wakati wa ukaguzi, na humpa mifano yake mwenyewe ya kushikizia kila istilahi ngeni atakayoisoma.