Je, Wajua? Wajane Walioachiwa Daftari la Nyimbo

Je, wajua kwamba wimbo unaoimbwa mstarini na watoto wa shule za Buseresere, na wa jirani zao wa Katoro, una mjane nyuma yake? Tuni ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti, Johannesburg. Alifariki Aprili 18, 1905, akiwa bado kijana. Mkewe, Diana, akabaki na daftari.

Daftari hilo walimu wa kwaya walikuwa wakija kuliazima, huyu akirudisha mwingine anabisha hodi, hadi likapotea moja kwa moja. Inasimuliwa pia kwamba Diana aliuza haki za wimbo kwa peni sita. Kabla hujamcheka, jiulize mjane Mwafrika wa Johannesburg ya wakati ule angekwenda kwa wakili gani. Alifariki mwaka 1929. Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1961.

Je, wajua kwamba Constanze Mozart alikuwa na miaka 29 tu mumewe, mtunzi Mozart, alipofariki Vienna, Desemba 5, 1791? Aliachiwa watoto wawili wa kiume, madeni, na misa ya wafu ambayo haikuisha. Malipo ya awali ya misa hiyo yalikuwa yameshaliwa. Mama wa watu hakulala: akampa Süssmayr, aliyekuwa karibu na marehemu, aimalizie. Süssmayr akaiga hadi saini ya Mozart, akaweka na mwaka 1792, wakati mwenyewe yuko kaburini!

Utamu zaidi ni mteja. Alikuwa bwana mkubwa, Walsegg, aliyetaka kujifanya ndiye mtunzi, na kweli Desemba 1793 aliiongoza kwa jina lake. Alichelewa. Constanze alibaki na nakala, na Januari 2 mwaka huohuo misa ilikuwa imeshapigwa Vienna kumchangia yeye.

Je, wajua kwamba hakuuza karatasi za mumewe kwa bei ya kutupa? Nyingi alizitunza hadi 1799, akamuuzia mchapishaji André kwa gulden 3,150. Mume wake wa pili, Nissen, ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya yule wa kwanza. Mume wa namna hiyo hapatikani kirahisi. Nissen alifariki kabla hakijatoka, Constanze akakichapisha mwaka 1828.

Je, wajua kwamba kutunza ni pamoja na kuchoma? Clara Schumann, mpiga piano hodari, alisimamia uchapishaji wa kazi zote za mumewe Robert, lakini mwaka 1893 aliteketeza baadhi ya tungo za mwishoni za Robert, akiona hazimfai. Hapo binafsi simtetei.

Je, wajua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo? Haki hiyo hurithiwa kama shamba. Kwa hiyo mama, kama mzee ni mwalimu wa kwaya au manju wa ngoma, mwambie leo aandike jina na tarehe kwenye kila wimbo, na kauntabuku lake asiazimishwe mtu. Anayelitaka apige picha kwa simu, palepale sebuleni.