Kabare, Ikesi na Agatutu: Askari Aijue Lugha ya Wanywaji

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Askari aliyehamishiwa kituo kipya hatakiwi kuvunja jicho wala kulifumba, kwani jicho ndilo kazi yake. Lakini hana budi kulifungua sikio. Atapewa ramani, atapewa zamu na atapewa orodha ya maofisa wa mahali pale. Maneno ambayo wananchi huyatumia jioni, kazi zinapokwisha na vyombo vya pombe vinapotolewa, hatapewa na mtu yeyote. Itambidi ayatafute mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza: je, maneno ya ulevini yanastahili kuchukua nafasi katika ukurasa unaosomwa na walinzi wa nchi? Jibu ni kwamba yanastahili. Ugomvi mwingi unaofikishwa mbele ya polisi huanzia penye pombe, mahari hujadiliwa penye pombe, na rushwa nayo, kama tutakavyoona, imejificha kwa muda mrefu ndani ya chombo cha pombe. Asiyeyajua majina hawezi kuyajua mambo.

Tuanze na Gitega, mji uliojengewa boma na Wajerumani mwaka 1912, na ambao tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Hapa tupo Kirimiro, katikati ya nchi, penye migomba na mtama. Neno kuu ni inzoga, nalo hukusanya pombe zote, za kienyeji na za kiwandani. Chini yake yapo majina ambayo askari yampasa ayatenganishe. Urwarwa ni pombe ya ndizi: ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa majani, maji ya ndizi huchanganywa na maji ya kawaida, kisha unga wa mtama hutiwa ili kuchachusha. Isongo nayo ni ya ndizi, lakini haikuongezwa maji mengi, kwa hiyo ni kali zaidi. Impeke ni pombe ya mtama. Anayesema amekunywa isongo hakusema sawa na anayesema amekunywa urwarwa, na mwandika maelezo kituoni akiandika tu kwamba “alikunywa pombe” amepoteza nusu ya habari.

Pombe ya kiwandani ilikuja na majina ya chupa. Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, na baadaye kikawa na mitambo Bujumbura na Gitega pia. Primus, ambayo chimbuko lake ni kiwanda cha Leopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1920, ilizoeleka hapa katika chupa kubwa ya sentilita 72, na Amstel katika chupa ya sentilita 65. Chupa kwa Kirundi ni icupa, na chupa ndogo ni agacupa. Lakini mtu akikualika mnywe agacupa, usidhani anakupimia ujazo. Kiambishi kile cha udogo ni cha adabu, kama Mswahili asemavyo “tupate kidogo”. Kidogo hicho chaweza kwisha usiku wa manane.

Pahali panapouzwa pombe huitwa akabare, kutoka neno la Kifaransa lililotumiwa na wakoloni kwa nyumba ya vileo. Kirundi kilipolipokea neno hilo, kilisikia “ka” ya mwanzo kana kwamba ni kiambishi chake chenyewe cha udogo, na papo hapo wingi wake ukawa utubare. Hivyo jina la nyumba ya kigeni limekuwa Kirundi kamili. Katika Kiswahili cha Burundi twasema kabare. Mtanzania husema baa au kilabu cha pombe. Mkongo huenda nganda. Mahali ni pamoja, majina ni mbalimbali.

Sasa tuelekee kaskazini-mashariki hadi Muyinga, mji uliokuwa makao ya mkoa wake mpaka mageuzi ya mwaka 2025 yalipouingiza katika mkoa mpya wa Buhumuza. Tofauti yake na Gitega yaonekana upesi. Njia ya Kobero yafungua mpaka wa Tanzania kuelekea Ngara, na pamoja na malori hupita maneno. Warundi wengi waliorejea katika miaka ya 2000 kutoka kambi za wakimbizi nchini Tanzania walirudi na Kiswahili cha huko. Pia Waislamu wapo, nao pombe hawanywi. Basi katika meza moja waweza kusikia inzoga, pombe na bia, na pembeni yake Fanta, jina ambalo katika nchi yetu limefunika vinywaji baridi vya kila rangi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kreti ya chupa huitwa ikesi, kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya sanduku. Kwa Mtanzania, kesi ni shauri la mahakamani. Tuchukue mfano wa polisi aliyekulia upande wa Tanzania, anayemhoji mfanyabiashara penye kizuizi cha barabarani. Mfanyabiashara anasema kwa uaminifu kwamba “ana kesi nne, zote za jana”. Alikusudia kreti nne za bia alizonunua jana. Askari asipouliza swali la pili, karatasini ataandika kwamba mtu huyo anakabiliwa na mashauri manne, na mtu asiye na hatia atalala ndani kwa sababu ya silabi mbili.

Mtego wa pili ni kitenzi gusoma. Mswahili akisikia neno hilo hufikiri kitabu. Katika Kirundi gusoma ni kusoma maandishi, lakini pia ni kunywa kidogo kidogo. Shahidi akieleza kwamba vijana wale walikuwa “wakisoma” pamoja jioni nzima, mhoji amwulize kama mbele yao palikuwa na daftari au palikuwa na mtungi.

Mtego wa tatu ni mkubwa kuliko yote, nao unahusu heshima ya sare. Zamani wadai na wadaiwa walipofikishana mbele ya bashingantahe, yaani wazee waliopewa dhamana ya kuamua mashauri ya kilimani, palikuwa na desturi ya kuleta agatutu k’abagabo, chombo kidogo cha pombe cha kuwakirimu wazee waliokaa kutwa nzima wakisikiliza. Pombe ile ilinywewa hadharani, na kunywa pamoja kulikuwa alama kwamba ugomvi umezikwa. Lakini kadiri siku zilivyopita, chombo kilikuja kabla ya hukumu badala ya kuja baada yake, na asiyekuwa nacho akaogopa kwamba hatasikilizwa. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni moyo wa anayelitamka.

Leo agatutu kamepata ndugu wengi. Yupo anayeomba agafanta, yupo anayeomba akantu, yaani kitu kidogo. Kenya na Tanzania huita chai. Tazama jinsi majina haya yalivyo ya upole: yote ni ya vinywaji au ya vitu vidogo, na hakuna hata moja linaloitwa kwa jina lake la kweli. Mtu haoni aibu kuomba kinywaji; angeona aibu kuomba rushwa. Ndiyo maana askari anayetaka kubaki safi lazima aitambue lugha hii mara ya kwanza anapoisikia, hususan penye kizuizi, anapoambiwa kwa tabasamu, “Afande, jua ni kali, chukua ya Fanta.” Huo si ukarimu. Ukarimu hautolewi kwa mtu anayekagua mzigo wako.

Tusisahau kile kinachokwenda kwa siri. Pombe kali inayotoneshwa kwa moto porini huitwa kanyanga kwetu na Rwanda, gongo Tanzania, chang’aa Kenya na lotoko Kongo. Kanyanga ni haramu kisheria, na haipimwi na mtu. Huweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017. Kwa hiyo askari wa doria wa Muyinga ayajue majina ya pande zote mbili za mpaka, kwani mzigo hubadilisha jina pale unapovuka, ilhali madhara yake hayabadiliki.

Lakini isidhaniwe kwamba lugha hii ni ya maovu tu. Imejaa pia hekima ya usalama. Mwenyeji wa Kirundi humwonja mgeni wake kinywaji kwanza, ili aonekane kwamba hakutia sumu. Na chupa hufunguliwa mbele ya macho ya atakayeinywa. Mtungi wa impeke hunywewa kwa imiheha, mirija mirefu, na watu wengi huuzunguka mtungi mmoja. Kukaribishwa penye mtungi ni kuambiwa kwamba umeaminiwa. Askari aliye zamuni atakataa kinywaji, na ni haki akatae. Lakini akatae kwa adabu, akiwa ameelewa alichopewa.

Basi, ndugu askari, ukifika kituo kipya, nunua daftari dogo. Kila neno usilolijua liandike, ulize wazee, ulize mama anayeuza, ulize dereva. Unapochukua maelezo, andika neno kama lilivyotamkwa, kisha eleza maana yake kando. Kazi hiyo ni ya dakika moja, lakini huweza kumwokoa raia na kifungo, na kukuokoa wewe mwenyewe na fedheha. Bunduki husafishwa kila siku ili isimsaliti mwenyewe. Sikio nalo lina kutu yake.