Kioo cha Gari Kimevunjwa: Nani Alipe, na Kinunuliwe Wapi?

Ilikuwa Jumamosi baada ya Sala ya Alasiri, mkesha wa safari yetu ya kwenda Bagamoyo kumjulia hali mama mkwe aliyekuwa mgonjwa. Gari letu la familia, Toyota RAV4 la milango mitano, lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe uliopo baina ya nyumba yetu na ya jirani, hapa Temeke, Dar es Salaam. Watoto wawili, mwanangu mwenye umri wa miaka 10 na rafiki yake wa jirani anayemzidi kwa mwaka mmoja, walikuwa wakiyatupia maembe mawe. Kikasikika kishindo kimoja, kisha sauti kama ya mchele unaomwagika juu ya bati.

Tulipotoka nje tulikuta kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto hakipo, kiti cha mtoto wetu mdogo kimejaa chembe za kioo, na kijana wa jirani amekwisha kukimbia. Mwanangu alibaki amesimama palepale, kichwa ameinamisha. Tulipomwuliza ni nani aliyerusha jiwe, alinyamaza. Basi aliyekimbia ndiye tuliyemhukumu.

Ndugu msomaji, kioo cha gari kuvunjika si msiba mkubwa. Hata hivyo, katika siku tano zilizofuata, mlango ule ulitulazimisha kujibu maswali ambayo familia nyingi hukutana nayo na kuyapita haraka: ni nani mwenye wajibu wa kulipa, kioo kingine kinunuliwe wapi, na kifungwe vipi ili watoto waketi mahali penye salama.

Chembe kabla ya lawama

Jambo la kwanza katika saa ile lilikuwa watoto, si lawama. Kioo cha mlango hakifanani na kioo cha mbele. Cha mbele hutengenezwa kwa tabaka mbili zilizoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa hupata nyufa, lakini vipande vyake hushikiliwa na utando ule. Cha mlangoni hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa kwa ghafla kwa upepo mkali. Uso wake hujibana, na kiini chake hubaki kikivutana. Kwa sababu hiyo hustahimili kishindo kuliko kioo cha dirisha la nyumba, lakini kikishindwa mahali pamoja husambaratika chote kwa mara moja, kikawa chembe ndogo zisizo na ncha ndefu.

Ubunifu huo umewaepusha wasafiri wengi na majeraha makubwa. Hata hivyo, chembe hizo hukata ngozi na zinaweza kumwingia mtoto machoni. Tuliwaweka watoto ndani ya nyumba, tukavaa viatu na glavu nene, tukakitoa kiti cha mtoto na kukikung'uta juu ya shuka kuukuu. Mke wangu aliazima mashine ya kufyonza vumbi, akapitisha katika mikunjo ya viti, chini ya zulia, katika reli za viti na mahali mikanda inapofungwa. Zilizokusanywa tulizitia ndani ya boksi gumu na kulifunga, kwani mfuko wa nailoni ungemchana mzoa taka mikono. Kisha tukafagia njia, kwa sababu watoto wa mtaa hupita hapo pekupeku wakienda madrasa, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa kero njiani ni katika matawi ya imani.

Mlango tuliufunika kwa nailoni nzito, na safari ya Bagamoyo tukaiahirisha. Nailoni huzuia mvua kwa usiku mmoja au miwili. Katika mwendo wa barabara kuu huchanika, na humzibia dereva asione vizuri upande ule.

Fundo la kanga

Baada ya Isha jirani yetu alibisha hodi. Ni mama mjane ambaye huuza vitumbua kila alfajiri, na ujira huo ndio unaomlisha yeye na wanawe watatu. Alikuwa amemshika mwanawe mkono.

"Kaka, nisamehe. Mwanangu amekuharibia gari," alisema. Akafungua fundo la kanga na kuweka noti mezani. "Hizi ni za mchele na mafuta ya wiki hii. Zilizobaki nitakuletea kidogo kidogo, inshaallah."

Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Si mimi, baba." Mama yake akamkatiza. Akasema tena, "Wallahi si mimi." Nami, badala ya kumsikiliza, nilimwonya asiape ovyo. Fedha zile nilizipokea, nikajiambia kuwa ni haki yangu.

Katika asili ya sheria, aliyeharibiwa mali yake ana haki ya kufidiwa. Mafakihi hutenganisha dhambi na dhamana: mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi, lakini haki ya mwenye mali haifutiki kwa sababu aliyeharibu ni mdogo. Kwa mujibu wa wanazuoni wengi, fidia hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe ikiwa anayo. Mzazi akimlipia, amefanya wema na kuituliza nyumba ya jirani. Mwenye mali naye anaweza kusamehe, na mdaiwa mwenye dhiki hustahiki kupewa muhula. Mambo haya yana ufafanuzi, na mwenye kesi yake amwendee sheikh anayemwamini.

Wala si haki kudai zaidi ya kilichopotea. Gari letu ni kuukuu, limeletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Anayestahiki kufidiwa kioo kilichotumika hapaswi kumtwisha jirani gharama ya kioo kipya cha kiwandani. Ama bima, yetu ilikuwa ile ya kumlinda mtu wa tatu, ambayo hailipi hasara ya gari lako mwenyewe. Wengi wetu hulijua hilo siku ya ajali.

Kioo cha theluthi ya bei

Jumatatu nilikwenda kutafuta kioo. Mwenye gari asiondoke nyumbani kabla ya kuandika namba ya chesisi, mwaka wa gari, na upande hasa wa mlango. RAV4 za zamani zilikuwa na aina ya milango mitatu na ya milango mitano, na vioo vyake havibadilishani. Aidha, magari mengi ya aina hii yana vioo vyeusi vya kiwandani katika milango ya nyuma. Ukinunua cheupe, utalazimika kuongeza gharama ya kubandika karatasi nyeusi. Kioo cha aina hii hakiwezi pia kukatwa kikatoshea, maana ukikikata tu kinasambaratika. Sharti kiwe kimeumbwa kwa ajili ya mlango ule.

Wapo wanaokwepa tatizo hilo kwa kukatiwa kioo cha kawaida cha dirisha. Hii ni hatari kubwa, kwani kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali, karibu na shingo ya mtoto aliyeketi. Angalia alama ndogo iliyo pembeni mwa kioo: kilichotengenezwa kwa gari huandikwa jina la kiwanda na aina ya kioo. Kisicho na alama yoyote, kiulizie kabla ya kutoa fedha.

Katika gereji moja, dalali aliniletea kioo kilichofunikwa kwa gunia. "Mzee, hiki nakuachia kwa theluthi ya bei ya dukani," alisema. Kilikuwa cheusi, cha upande wangu, na alama ya kiwanda ilikuwepo. Lakini katika pembe ya chini palikuwa na sehemu yenye urefu wa kidole iliyosuguliwa hadi kupauka. Nilikigeuza juani, na chini ya michubuko nikaona mabaki ya herufi mbili na tarakimu moja.

Kila mwenye gari katika jiji hili anaelewa maana yake. Tunachonga namba za usajili kwenye vioo na taa kwa sababu ya wezi, na anayeisugua namba ana jambo analolificha. Nilimwuliza kimetoka wapi. Akacheka, akasema, "Mzee, wewe unanunua kioo au unanunua historia?"

Nakiri kwamba nilisita. Nilizikumbuka noti za yule mama, nikajidanganya kwamba kununua rahisi kutampunguzia mzigo. Lakini huruma kwa mjane mmoja haihalalishi kununua mali aliyoibiwa mwingine, ambaye huenda naye ana watoto na nailoni mlangoni. Kununua kitu unachojua kuwa ni cha wizi ni haramu. Na pale ambapo hujui kwa yakini lakini dalili ziko mbele ya macho yako, Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tujiepushe na yenye shaka ili dini yetu na heshima yetu visalimike. Isitoshe, soko la wezi huendeshwa na wanunuzi. Kila anayelipa theluthi ya bei anaagiza kioo kingine king'olewe usiku.

Nilimrudishia. Kesho yake nilikipata kioo katika duka la spea zilizotumika, muuzaji akanionyesha mlango mzima kilikotolewa, na akaniandikia risiti yenye jina la duka na maelezo ya kioo. Kwa spea, risiti ni ushahidi wa uhalali wako.

Ndani ya mlango

Jumatano fundi alikuja nyumbani. Nilimwita mwanangu atusaidie, nikitaka aone kazi ambayo jiwe moja huwapa watu wazima.

Fundi alianza kwa kuchomoa waya wa betri. Akafungua skrubu zilizofichwa nyuma ya mshikio wa mlango, akavuta jopo la ndani taratibu ili klipu za plastiki zisikatike, kisha akatenganisha waya za swichi. Nyuma ya jopo hilo kuna utando wa plastiki uliogandishwa mlangoni. Aliubandua bila kuuchana, kwa kuwa huo ndio unaozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Kisha tukamwona yeye akiingiza mkono, na mlango ukitoa chembe konzi baada ya konzi. Zikiachwa humo hupiga kelele kila mlango unapofungwa, huziba matundu ya kutolea maji, na mlango ukaanza kuoza kwa kutu. Zile zinazonasa katika mpira unaoongoza kioo hukichora kioo kipya siku ya kwanza.

Mlango wa nyuma una nguzo nyembamba inayotenga kioo kidogo cha pembeni. Aliilegeza, akakiingiza kioo kikiwa kimeinama, akakikalisha juu ya mtambo wa kukipandisha, akafunga bolti bila kuzikaza. Alikipandisha na kukishusha mara tatu akitazama kama kinakwenda sawa, ndipo akazikaza. Bolti zikikazwa kabla ya kioo kukaa sawa, kitakwama, na mtambo utaharibika.

Mwanangu alikuwa akiokota chembe kwa brashi na kuzitia katika kopo. Fundi alipokwenda kutawadha, nilimsimulia habari iliyopokewa na Anas (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari: Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, mke mwingine akamtuma mtumishi alete chakula katika sahani, na yule mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikavunjika. Mtume (S.A.W.) alivikusanya vipande na chakula kwa mikono yake, akamtolea udhuru aliyevunja kuwa ameshikwa na wivu, kisha akachukua sahani nzima kutoka katika nyumba ileile akampelekea aliyevunjiwa. Iliyovunjika ilibaki nyumbani kwa aliyeivunja.

Mtoto alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Baba, fedha za vitumbua zimenunua kioo hiki?" Nikamjibu kuwa zimo. Akaanza kulia. "Jiwe lilikuwa langu. Yeye alikimbia kwa sababu aliogopa utampiga."

Fidia iliyobaki

Nilikuwa nimekataa kioo cha wizi kwa kujivunia ucha Mungu wangu, na kumbe siku nne nzima nilikuwa nimeshika fedha za mjane bila haki. Surat al-Hujurat inatuamrisha kuihakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, nami sikuwa na habari hata moja ya kuihakikisha. Nilikuwa na mtoto aliyekimbia na mtoto aliyenyamaza tu.

Baada ya Magharibi tulikwenda kwa jirani, mimi, mke wangu na mwanangu. Nilimrudishia mama fedha zake zote, nikamwomba radhi. Kisha nikageuka kwa kijana wake nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimkaripia alipokuwa akisema kweli. Hilo lilinielemea kuliko bei ya kioo. Mwanangu alivunja kibubu chake na kukabidhi kilichokuwemo. Hakikufika hata robo ya gharama, lakini kilitoka katika nyumba iliyovunja.

Mama yule alipokea fedha, akazihesabu polepole, akazifunga tena katika kanga. "Kaka, mimi nimesamehe," alisema. "Ila huyu mtoto usiku ule hakula."

Jumapili iliyofuata tulikwenda Bagamoyo, vijana wote wawili wakiwa kiti cha nyuma. Namba ya gari imekwisha kuchongwa katika kioo kipya, na gari sasa tunaliegesha mbali na mwembe. Nawausia wazazi wenzangu: kinapovunjika kitu nyumbani, kabla ya kuuliza kitalipwa na nani, wapeni watoto wote nafasi ya kusema, hata yule aliyekimbia.

Wallahu a'lam.