Ubao Ule Ule, Nguvu Mbalimbali

Daraja dogo la mbao likipinda katikati kila apitapo mwenye mzigo, watu husema mbao zilikuwa nyembamba. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi boriti zilizo chini, zilizochukua daraja zima, zimelazwa mahali ambapo zilipasa kusimamishwa.

Twaa ubao wenye upana wa inchi 6 na unene wa inchi 2, uuweke juu ya mawe mawili, kwanza umelala, kisha umesimama kwa ubavu wake mwembamba. Mti ni ule ule na uzito ni ule ule. Hata hivyo, ukisimama waweza kuchukua mzigo mara 3 ya ule wa kwanza kabla ya kuvunjika, na kwa mzigo ulio sawa utapinda sehemu 1 tu katika 9. Lakini usiuache peke yake, maana ubao uliosimama huanguka ubavu. Sharti boriti zifungwe pamoja kwa vipande vya kukingama.

Sababu yake ni hii. Ubao ubebapo mzigo, nyuzi zake za juu hubanwa na za chini huvutwa, nazo za katikati karibu hazina kazi. Kadiri za juu zilivyo mbali na za chini, ndivyo ubao uzidivyo kuwa mgumu kupinda. Ndiyo maana mwanzi, ulio mtupu ndani, ni mgumu kupinda kwa jinsi ulivyo mwepesi, na baiskeli hutengenezwa kwa mabomba. Na ndiyo maana fundi asichonge pengo chini ya boriti katikati ya chumba: hapo ndipo nyuzi zinapovutwa kupita mahali pengine pote.

Bati nalo lina nguvu kwa ajili ya umbo. Mwaka 1829, Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London, alipewa hati ya serikali kwa kubuni bati la migongo. Walimu waweza kuonyesha jambo hili kwa karatasi moja juu ya vitabu viwili: ikiwa tambarare hulegea, ikikunjwa mikunjo huchukua kalamu kadhaa.

Lakini nguvu hiyo hufuata urefu wa migongo tu. Basi migongo ishuke toka kileleni mwa paa mpaka ukingoni, ikikatiza papi. Naye apandaye juu akanyage penye misumari, kwa kuwa chini yake pana papi. Mgongo ukiisha kubonyea, hapo bati halina nguvu yake tena.