Joto na Hewa Katika Wodi za Nchi ya Chai

Katika Kericho na Bomet nchini Kenya, chumba cha hospitali kinachompa mgonjwa utulivu wa nyumbani huanza na joto. Nyanda hizi ziko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi hupanda kutoka sakafu ya saruji hadi kitandani. Mgonjwa anayetetemeka hapati usingizi. Lakini madirisha yakifungwa yote, hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu hukwama ndani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka kila mgonjwa wa wodi ya kawaida apate lita 60 za hewa safi kwa sekunde. Kupatanisha mahitaji haya mawili ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na haimalizwi kwa rangi nzuri ukutani. Yafaa matundu ya hewa yawekwe juu, karibu na dari, yasizibwe hata usiku, na vitanda viepushwe na mkondo wa upepo. Blanketi la pili si anasa huku.

Jua la asubuhi husaidia bila gharama, kwa hiyo madirisha makubwa yaelekee mashariki. Alasiri mvua huja kutoka upande wa Ziwa Victoria, mara nyingi pamoja na mvua ya mawe. Upande huo unahitaji upenu mpana. Chini ya mabati matupu, kishindo cha mvua humlazimu muuguzi kupaza sauti, na siri ya mgonjwa husikika wodi nzima. Dari nene, yenye kizuizi cha sauti juu yake, hupunguza kelele na kuhifadhi joto pia.

Macho nayo yana haki yake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania, Marekani: walioona miti dirishani waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko walioona ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Katika Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa 2011 kwenye milima ya kaskazini mwa Rwanda, vitanda vimeegemezwa ukuta mfupi wa katikati ili wagonjwa waelekee madirishani. Kericho ina mashamba ya chai hadi upeo wa macho, lakini dirisha lililoinuliwa mno humwachia aliyelala mawingu tu. Ukingo wa chini wa dirisha usizidi kimo cha kitanda.

Harufu ya dawa ya kusafishia hutawala wodi nyingi. Kinyume chake, mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis wa huku yanayohifadhiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, humrudishia mgonjwa hamu ya kula kwa harufu na ladha aliyoizoea. Ila mwenye kinga dhaifu apewe kwa idhini ya daktari. Kando ya kitanda pawe na kiti kinacholalika kwa ndugu anayemuuguza, chenye ngozi bandia inayopanguswa kwa dawa kila asubuhi.